Laptopu ya gemu au laptopu nyepesi ya kila siku? Tuliopo Dodoma tujadili kwa kina

FundiMakole (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa swali hili linarudi mezani kwangu: nichukue laptopu ya gemu au hizi nyembamba za kawaida? Wanaouliza ni vijana wa UDOM, wa St John's, wa Mipango, wa CBE, na siku hizi hata watumishi wanaoshinda Mtumba kwenye mji wa Serikali. Jibu wanalopewa mtaani ni jepesi mno: "Chukua ya gemu, hiyo inafanya kila kitu." Mimi ni fundi, kazi yangu ni kuzifungua mashine hizi, na naumia kuona boom (hela ya mkopo wa chuo) la kijana au hela ya mzazi aliyeuza alizeti inaishia kwenye mashine isiyomfaa. Ndiyo maana naandika kirefu.

Msimamo wangu ni huu. Kabla hujauliza prosesa (ubongo wa mashine) wala RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), jibu maswali mawili. Programu nzito kuliko zote utakayoifungua kila wiki ni ipi? Na chaja utaichomeka wapi? Mwenye majibu ya hayo mawili hababaishwi na muuzaji yeyote.

Nianze na umeme. Laptopu ya kawaida kama HP EliteBook 840 au ThinkPad za T zinakuja na chaja ya wati 45 au 65. Za gemu chaja zake ni wati 180, 230, nyingine hadi 330. Ukicheza gemu au ukitoa video na mashine ikavuta wati 200, saa 5 zinamaliza uniti 1 ya LUKU. Ya kawaida inayovuta wati 20 wakati unaandika, uniti hiyo hiyo inakupeleka saa 50. Kwa aliyepanga chumba na mita ni moja nyumba nzima, hilo linaleta maneno kabla mwezi haujaisha. Kwa aliyepo Bahi au Kongwa anayetegemea sola yenye inveta ndogo ya wati 150, mashine ya gemu ikifanya kazi nzito itaizidi inveta hiyo, wakati ile ya wati 65 inafanya kazi bila shida.

Na umeme ukikatika je? Ya gemu inapohamia kwenye betri, kadi ya grafiki inajipunguza yenyewe, kwa sababu betri haiwezi kutoa wati zote zile. Maana yake ile nguvu uliyoilipia haipo mpaka umeme urudi. Hata kwa kuandika tu nyingi zinakaa saa 3 au 4. EliteBook yenye betri nzima inakusogeza nusu siku ya vipindi, na MacBook Air ya M1 inamaliza siku ya darasani bila kuuliza soketi.

Uzito nao usiupuuze. Ya gemu ya inchi 15.6 inazidi kilo 2, weka chaja yake, begi linakaribia kilo 3 kabla ya daftari. Wanaoijua UDOM wanajua vyuo vyake vilivyotawanyika kule vilimani, na daladala ya asubuhi unasimama. EliteBook 840 G5 ina kama kilo 1.5, MacBook Air M1 ina kilo 1.29.

Sasa vumbi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini maana ndiyo kazi inayonilisha. Mvua zetu ni Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni upepo na vumbi, hasa maeneo yanayojengwa kama Iyumbu, Nzuguni na Ihumwa. Laptopu ya gemu ina feni mbili kubwa zinazovuta hewa kupitia chini na kuitupa nyuma au pembeni. Ukifungua kava la chini, feni zenyewe unaweza kuziona safi kiasi. Ondoa feni utazame nyuma yake, pale zilipo zile bati nyembamba za shaba zinazopitisha joto. Hapo vumbi jekundu limeshikana na nywele na nyuzi za shuka mpaka limekuwa kipande cha blanketi. Ukikishika kwa kibanio kinatoka chote kwa pamoja. Hewa ilikuwa haipiti hata kidogo. Mashine inafika nyuzijoto 95 hadi 100, inajipunguza kasi ili isiungue, na mwenyewe anakuja kuniambia ina virusi, nimpigie Windows upya.

Laptopu ya kawaida nayo inaingia vumbi, sikatai, ila prosesa yake ni ya wati 15 tu. Hata njia ikiziba nusu bado inahema. Ya gemu inatakiwa kutoa joto la wati 100 na zaidi kupitia njia hiyo hiyo iliyoziba. Kwa hiyo ukinunua ya gemu ukiwa Dodoma, hesabu kabisa usafi wa ndani walau kila miezi sita, pamoja na kubadilisha ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupozea. Usiitumie juu ya godoro. Godoro linaziba matundu ya chini, na shuka inaongeza nyuzi. MacBook Air ya M1 haina feni kabisa, haivuti vumbi la aina hiyo, na kwa mji wetu hiyo ni sifa kubwa ambayo wauzaji hawaitaji.

Haya, programu. Hapa ndipo ya gemu inapostahili heshima yake. Kama unachora majengo na kuyatolea picha kwa Lumion au Twinmotion, kama unafanya Blender, kama unahariri video ndefu kwa DaVinci Resolve, kama unafundisha modeli za akili mnemba kwenye mashine yako mwenyewe kwa CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kufanyia hesabu kwenye kadi ya grafiki), unahitaji kadi ya grafiki inayojitegemea, na kwa CUDA lazima iwe ya NVIDIA; usimsikilize anayekwambia utaweza bila hiyo. Utalia usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Lakini Word, Excel, SPSS, STATA, QGIS, AutoCAD ya michoro bapa, Python ya kawaida, kutengeneza tovuti, hivyo vyote havigusi kadi ya grafiki kiasi cha kukulazimu kutoa milioni za ziada. Hata Android Studio, ambayo vijana wa CIVE (chuo cha kompyuta pale UDOM) huiogopa, inachotaka ni RAM na diski ya SSD, yaani ile ya kasi. Iwekee RAM ya GB 16 kwenye EliteBook ya kawaida uone inavyobadilika.

Kuna mtego mmoja kwa wanaoamua ya gemu: jina la kadi halikwambii kila kitu. RTX 4060 ya laptopu inaweza kupewa wati 35 na mtengenezaji mmoja, na wati 115 na mwingine. Jina moja, stika moja, kasi tofauti kabisa. Uliza wati za kadi, na kama muuzaji hajui, zitafute kwa namba kamili ya modeli kabla hujatoa hela. Angalia na kumbukumbu ya kadi yenyewe. RTX 3050 zipo za GB 4 na za GB 6, na kwa Lumion au Blender hizo mbili za ziada zinaamua kama kazi itafunguka.

Kioo nitasema kidogo. Za gemu za bei ya chini zina kioo cha 144 Hz (picha inabadilika mara 144 kwa sekunde) lakini rangi zimepauka. Kama unabuni mabango na nembo, usinunue bila kukiona kwa macho yako.

Nawasilisha. Karibuni, na wenye uzoefu tofauti waseme.

MsanifuChipukizi

Mkuu umetiririka vizuri sana. Mimi naanza mwaka wa pili pale Mipango, tunatumia ArcGIS, na nataka kujifunza kutoa picha za michoro kwa Lumion. Nina milioni moja na laki sita. Hapo unanishauri nini?

FundiMakole

Mdogo wangu, tenganisha hivyo viwili. ArcGIS Pro inaishi na RAM: GB 8 ni za kuanzia, 16 ndizo za kufanyia kazi kwa amani. Kadi ya grafiki inasaidia ukiwa na ramani za sura tatu, ila kwa ramani za kawaida za mipango miji mashine nzuri ya ofisini inabeba. Lumion ni hadithi nyingine, hiyo inakula kadi.

Nakuuliza wewe: Lumion ni kazi ya darasa au ni hamu ya kujifunza? Kama imo kwenye kozi na utaifungua kila wiki, tafuta ya gemu iliyotumika yenye kadi ya GB 6 au zaidi, na uikague kama nitakavyoeleza hapa chini. Kama bado ni hamu, chukua ya kawaida sasa, hela inayobaki iweke. Ukimaliza mwaka wa tatu ukawa unalipwa kwa michoro, utanunua mashine kwa hela ya kazi yenyewe.

KameraAreaC

Napinga kidogo, kwa heshima zote. Mimi nashuti harusi na send-off hapa mjini na Singida. Nina laptopu ya gemu, na bila hiyo ningekuwa sijafika hapa. Video ya saa mbili naitoa nikiwa nimelala, asubuhi mteja anachukua flashi yake. Zamani nikiwa na mashine ya kawaida, kazi ya Jumamosi ilikuwa inakabidhiwa Alhamisi, na mteja wa Alhamisi harudi tena.

Ila hata mimi siibebi. Ipo mezani ofisini, imechomekwa kwenye stabilaiza, chini yake nimeweka stendi ya chuma hewa ipite. Nikienda kushuti nabeba kamera tu.

FundiMakole

Kaka, hujanipinga, umenijibia swali la pili. Chaja yako ina mahali pake pa kudumu na programu yako nzito unaifungua kila wiki. Wewe ndiye mtu ambaye ya gemu ilitengenezwa kwa ajili yake. Stabilaiza ni jambo jema sana, hasa kipindi cha radi, umeme unaporudi kwa kishindo.

Niongeze tu kwa wahariri wadogo: prosesa za Intel zenye grafiki ya ndani zina sehemu maalumu ya kusoma na kuandika video za H.264, muundo wa kawaida wa video. Kama unakata vipande vifupi vya mitandaoni vya dakika moja mbili, EliteBook yenye GB 16 inatosha kuanzia. Saa mbili za harusi zenye rangi na mabadiliko mengi, hapo sitetei.

MamaNkuhungu

Habari zenu wanangu. Mwanangu kapangiwa UDOM, atasoma mambo ya kompyuta. Anadai lazima laptopu ya gemu, anasema wenzake wote wanazo na bila hiyo hatafaulu. Mimi nafanya biashara ndogo Sabasaba, nimekusanya laki nane. Ni kweli hatafaulu?

FundiMakole

Shikamoo mama. Hapana mama, si kweli, na usikope kwa ajili hiyo.

Mwaka wa kwanza na wa pili atafundishwa kuandika programu, hifadhidata, mitandao, hisabati. Hakuna somo hapo litakaloidai kadi ya gemu. Baadaye akiingia kwenye akili mnemba, zipo huduma kama Google Colab ambapo anaazima kadi yenye nguvu kupitia intaneti bila kulipa, kwa muda wa kutosha kujifunzia.

Kwa laki nane ya gemu utakayopata ni ya zamani iliyochoka, betri imekufa, na mwaka hautaisha kabla haijarudi kwa fundi. Hela hiyo hiyo itafute EliteBook 840 G5 au ThinkPad T480 iliyotumika ila iliyotunzwa. Zote mbili RAM yake inabadilishika, ina nafasi mbili, kwa hiyo leo ananunua na GB 8, boom likitoka anaongeza. Mwambie hivyo kwa upole mama, atakuelewa. Na mwambie aulize wa mwaka wa tatu wanatumia nini, asiulize wa mwaka wa kwanza.

CIVE_MwakaWaTatu

Mama, nathibitisha. Nipo mwaka wa tatu, mradi wangu nauandika kwenye ThinkPad ya mtumba yenye GB 16. Kwenye kundi letu wenye za gemu wapo, na ni mashine nzuri, lakini kwenye maabara na maktaba tunawaona wanavyozunguka kutafuta soketi. Mimi nakaa popote.

Jambo ambalo mzazi hataambiwa: gemu jipya la mpira la EA linataka nafasi ya GB 100 kwenye diski. Kulishusha kwa bando ni hela ya chakula. Kijana akipewa mashine ya gemu, bando nalo linapanda, na usiku unapungua. Sisemi mwanao ni hivyo, nasema nilichokiona hosteli.

MtumbaKazini

Mkuu FundiMakole, eleza jinsi ya kukagua mtumba. Ofisini kwetu watu wengi wamenunua, wakaja kuambiwa Windows 11 haikubali.

FundiMakole

Hilo ni kubwa kuliko yote kwa sasa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa za jenereshini (toleo) ya 8 kuendelea, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Mashine nyingi za jenereshini ya 6 na ya 7 zimeachwa nje, na baada ya tarehe ile zimemwagwa sokoni kwa bei ya kuvutia. EliteBook 840 G3 ni jenereshini ya 6, G4 ni ya 7, G5 nyingi ndizo za 8. ThinkPad T470 imebaki nje, T480 nyingi zimeingia. Herufi na namba hizo ndogo ndizo zinazobeba hela yako.

Kusoma namba ni rahisi. i5-8350U, ile 8 baada ya kistari ndiyo jenereshini. i5-1135G7 ni ya 11. Na usibabaishwe na i7. i7-6600U ina koa (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) mbili, i5-8250U ina koa nne. Kijana anaringa na i7 yake ya jenereshini ya 6, jirani yake mwenye i5 ya 8 anamwacha mbali.

Ukifika dukani, iwe hapa mjini au umepanda SGR kwenda Kariakoo, fanya haya bila haraka wala aibu. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, itakupa ukurasa unaoonesha betri ilizaliwa na uwezo gani na leo inabeba kiasi gani. Ikiwa chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei. Washa tena mashine uingie kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani kabla ya Windows kuwaka. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, hiyo ni mashine ya kampuni iliyofungwa, iache. Kwa MacBook, omba ifutwe kabisa mbele yako na ianzishwe upya. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, au ikasema inasimamiwa na kampuni fulani, rudisha mkono wenye hela mfukoni.

Ya gemu ina kipimo chake zaidi. Ichomeke kwenye chaja yake halisi, soma wati zilizoandikwa kwenye chaja, maana wengi wanauza mashine ya wati 230 kwa chaja ya 120. Kisha endesha gemu lolote zito kwa dakika 20. Muuzaji akikukatalia dakika 20, hapo umeshajibiwa. Sikiliza feni kama zinakwaruza, shika upande wa kibodi, tazama kama picha inaanza kukwama baada ya dakika kumi. Mashine iliyoziba au iliyochoka inajionesha hapo, si dakika mbili za mwanzo.

KameraAreaC

Naongeza: ukague na bawaba za kioo. Za gemu nyingi zina vioo vizito na kava la plastiki. Bawaba ikivunja plastiki, kulipata kava hapa Dodoma ni kusubiri mzigo utoke Dar.

MsanifuChipukizi

Na sisi tunaopenda kucheza kidogo wikiendi lakini hatuna hela ya ya gemu? Hakuna ya katikati?

FundiMakole

Ipo, na watu hawaizungumzii. Laptopu nyembamba zenye Intel Iris Xe, zilizoanza na jenereshini ya 11 mwaka 2020, au zenye AMD Ryzen za mfululizo wa 6000 zenye grafiki ya Radeon 680M. Hizo zinacheza magemu mengi ya miaka ya nyuma kwa mipangilio ya chini au ya kati, na bado ni kilo moja na nusu, chaja ya Type-C ya wati 65. Sharti moja: RAM ziwe mbili zinazofanya kazi pamoja, maana grafiki ya ndani inakula RAM hiyo hiyo. Ukiwa na kijiti kimoja unapoteza sehemu kubwa ya kasi. Baadhi ya hizi nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye ubao na haiongezeki, kwa hiyo nunua yenye GB 16 tangu mwanzo.

Na ukiwa na meza yako ya kudumu nyumbani, fikiria kompyuta ya mezani kwa kazi nzito na laptopu ya bei nafuu ya kubeba. Ya mezani ni rahisi kusafisha vumbi, unafungua upande mmoja unapuliza. Ila utahitaji UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), weka hiyo kwenye hesabu.

MtumbaKazini

Nimepata T480 hapa mtaa wa One Way, i5-8350U, GB 8, anasema betri ni nzima. Nichukue?

FundiMakole

Subiri kidogo mkuu. T480 ina betri mbili, moja ndogo ndani na nyingine inayochomoka nyuma. Wauzaji wengi wanaonesha ile ya nyuma tu. Hiyo powercfg itakuorodheshea zote mbili, zisome moja moja. Ya nyuma ikiwa mbovu si tatizo sana, zinapatikana na unaibadilisha mashine ikiwa inawaka mradi ya ndani ni nzima. Ya ndani ikiwa imekufa, punguza bei, uje na mashine tuifungue, na tukishaifungua tutoe na vumbi kwa safari hiyo hiyo. Mwambie pia akuoneshe tundu la Type-C linachaji bila kuchezacheza, maana kwenye T480 hilo tundu limeshikiliwa na ubao mkuu, likilegea kulitengeneza ni kazi ya kuchomelea.